Manispaa yako ikiunganishwa na jirani mkubwa: mwongozo wa mkazi wa Forsand

Tangu tarehe 1 Januari 2020 manispaa ya Forsand haipo tena kwenye ramani ya Norwei. Ilikuwa na watu wapatao 1,200, na fjordi ya Lyse, mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu, ikiipasua katikati. Upande wa kusini wa fjordi ulitiwa Sandnes, mji wenye watu karibu 80,000, na upande wa kaskazini ukapewa manispaa jirani ya Strand. Mwamba wa Preikestolen, ambao nusu ya watalii wanaofika nchi hii wanataka kupigwa picha juu yake, ulihamia Strand pamoja na majirani zetu wa ng'ambo. Sisi wa kusini tulibaki na mlima wa Kjerag na ile ngazi ya mbao ya Flørli yenye vidato 4,444, kwa hiyo sina kinyongo.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, huduma inayoitwa hjemmetjenesten, nayo iko chini ya manispaa. Ndiyo maana jambo hili lilinigusa mara mbili: kama mkazi na kama mwajiriwa. Waswahili wenzangu waliopangiwa makazi katika manispaa ndogo ndogo huko kaskazini na milimani, wengi wao ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi, hunipigia simu kila wanaposikia kwamba baraza lao limeanza mazungumzo na jirani. Swali ni lilelile: tufanye nini? Nimeona bora niandike mara moja.

Kwanza muelewe kwamba haya hayakuanza jana. Sheria ya kuzipa manispaa serikali yao wenyewe ilipitishwa mwaka 1837, na kufikia mwaka 1930 zilikuwa zimegawanyika hadi zikawa 747. Kisha ikaja kamati ya Nikolai Schei ya kupanga upya mipaka ya manispaa, iliyoundwa mwaka 1946, na kufikia mwaka 1967 zikabaki 454. Majirani zetu wa Høle waliingizwa Sandnes katika wimbi hilo, mwaka 1965. Wimbi la mwisho, chini ya serikali ya waziri mkuu Erna Solberg, lilizishusha kutoka 428 hadi 356 ilipofika Januari 2020. Hata hivyo, katika mkoa wetu huuhuu wa Rogaland kisiwa cha Utsira, chenye watu kama 200 tu, bado ni manispaa kamili yenye meya wake. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba udogo wenu peke yake unawalazimisha kuungana, uliza maswali.

Kabla ya kuungana: itafute hati ya makubaliano

Pande mbili zikikubaliana kuungana huandika hati iitwayo intensjonsavtale. Humo mna kila kitu mtakachokuja kukigombania baadaye: shule itabaki wapi, wazee watalala wapi, makao ya ofisi, jina, nembo, kodi ya nyumba, barabara. Ni hati ya wazi kwa kila mtu. Ipakue, ichapishe, uiweke nyumbani kwako, kwa sababu tovuti ya manispaa ndogo huzimwa baada ya muungano na viungo vyake vyote hufa.

Isome ukiwa na kalamu mbili. Kwa kalamu ya kwanza piga mstari chini ya kila ahadi yenye tarehe au kiasi cha fedha. Kwa ya pili piga mstari chini ya ahadi zenye maneno matamu tu: kwamba watajitahidi, watazingatia, watalenga. Kisha linganisha rangi ipi imetawala. Hati hii ni makubaliano ya kisiasa. Haina nguvu ya kisheria ya kumbana mtu, na baraza litakalochaguliwa baadaye linaweza kuamua vingine. Ahadi inayodumu ni ile iliyokwisha kuingia kwenye bajeti, au iliyokwisha kumwagiwa zege.

Watu wa kisiwa cha Bjarkøy walilielewa hilo. Walijiunga na Harstad mwaka 2013, na barabara ya kudumu, yaani handaki chini ya bahari pamoja na daraja, ilikuwa sehemu ya mapatano yao. Ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2018. Handaki haliwezi kufutwa kwa kura ya baraza.

Jambo jingine la kudai mapema ni baraza dogo la eneo lenu, kommunedelsutvalg. Sheria inaruhusu. Finnøy na Rennesøy, zilizoingizwa Stavanger siku ileile tuliyoingizwa sisi Sandnes, zilipata mabaraza yao ya eneo. Madaraka yake mara nyingi ni ya kutoa maoni tu, lakini maoni yaliyoandikwa kwenye muhtasari rasmi yana uzito kuliko manung'uniko ya dukani.

Kuhusu fedha, kuna jambo moja ambalo kila mkazi anapaswa kulijua kabla ya mkutano wa hadhara. Serikali kuu huipa kila manispaa fungu la msingi, iwe kubwa au ndogo. Mbili zikiwa moja, fungu moja linapotea. Ili watu wasiogope kuungana, serikali huilipa manispaa mpya fidia inayoitwa inndelingstilskudd: kamili kwa miaka 15, kisha inapungua kidogo kidogo kwa miaka 5 hadi inakwisha. Kwa sisi wa 2020, kupungua kunaangukia katikati ya miaka ya 2030. Andika mwaka huo ukutani. Hapo ndipo mtu atakapokuja na takwimu kuonyesha kwamba shule ndogo ya kijijini ni ghali mno.

Wiki za kwanza: hakuna kitakachobadilika, isipokuwa hiki na kile

Watu wengi huogopa siku yenyewe ya Januari bila sababu. Namba yako ya utambulisho haibadiliki. Daftari la wakazi hujisahihisha lenyewe. Nafasi ya mtoto kwenye chekechea, uamuzi wa huduma aliopewa mzee, mpango wako wa kujifunza lugha kama bado uko kwenye introduksjonsprogram (mafunzo ya wakimbizi wapya), vyote vinahamia manispaa mpya pamoja na wewe, na manispaa mpya inabeba wajibu wote wa ile ya zamani. Namba ya posta nayo ni ya Posta, haihusiani na baraza. Hapa bado ni 4110 Forsand, na barua zinafika kama zamani.

Kinachosumbua ni anwani ya nyumba. Kama manispaa zote mbili zina barabara yenye jina moja, moja lazima ibadilishwe, na kwa kawaida wanaobadilishiwa ni wale wachache. Likikukuta hilo, wewe ndiye utakayewaarifu wale ambao daftari la Norwei halifiki kwao: benki ya nyumbani, kampuni ya kutuma pesa, ubalozi, bima ya nje, chuo ulichosoma. Pia bandika jina na namba mpya kwenye sanduku la barua na penye mlango. Gari la wagonjwa usiku wa mvua halitambui jina la zamani.

Wenye nyumba na mashamba waangalie namba za kiwanja, gårdsnummer na bruksnummer. Namba hizi ni za kipekee ndani ya manispaa moja tu, hivyo zikikutana mbili zinazofanana moja hupewa namba mpya. Ingia Seeiendom, tovuti ya Kartverket, yaani idara ya ramani ya taifa, bonyeza juu ya nyumba yako kwenye ramani, unakili inachoonyesha. Ni bure. Kisha linganisha na mkataba wako wa kupanga au kununua, na uhifadhi vyote viwili pamoja. Namba ya manispaa yenyewe nayo inaweza kubadilika: ya Sandnes ilikuwa 1102, ikawa 1108.

Ukitaka nakala ya kibali cha ujenzi au cheti cha shule cha miaka ya nyuma, iombe mapema wakati mtu anayejua kabati lilipo bado yupo ofisini. Baadaye haipotei, lakini inahamishiwa kwenye hifadhi ya pamoja ya manispaa za mkoa, kwetu ni IKA Rogaland, na utasubiri zaidi.

Kama umeajiriwa na manispaa

Hapa nitasema polepole, maana ndugu zetu wengi tuko kwenye huduma za wazee, usafi, jikoni na chekechea.

Muungano hautoshi kuwa sababu ya kufukuzwa. Kisheria ni uhamisho wa shughuli kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine, na mkataba wako, mshahara na miaka yako ya utumishi vinahamia pamoja na wewe. Kabla ya siku hiyo mwajiri lazima ajadiliane na wawakilishi wa wafanyakazi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua tillitsvalgt wako, yaani mwakilishi wa wafanyakazi, ni nani, na kumtafuta yeye kabla hajakutafuta. La pili ni kuwa na mkataba wako wa maandishi mkononi, ukionyesha asilimia ya ajira. Wenye ajira ya asilimia ndogo, 40 au 50, wanaoishi kwa zamu za ziada, ndio wanaoumia. Zamu za ziada hazimo kwenye mkataba, na orodha mpya ya zamu ikitengenezwa na kiongozi asiyewajua, zinaweza kuyeyuka. Kama umefanya kazi zaidi ya asilimia yako mara kwa mara katika miezi 12 iliyopita, sheria ya kazi inakupa haki ya kudai ajira inayolingana na saa ulizofanya. Dai hilo lifanye mapema, wakati kiongozi anayekufahamu bado anaweza kusaini.

Wazee ninaowahudumia waliuliza jambo moja tu: ni nani atakayekuja asubuhi? Jibu lilikuwa kwamba watakuja walewale. Kilichobadilika ni anayepanga njia yetu. Zamani mpangaji alijua kwa nini nyumba ya juu kule bondeni isipangwe ya mwisho wakati wa barafu. Sasa inabidi tuandike. Ushauri wangu kwa wahudumu: yaandikeni yale mnayoyajua kichwani, nyumba kwa nyumba, kabla ya kuhamishwa mfumo wa kompyuta. Ni kazi ya kuchosha na hakuna atakayekushukuru, lakini kumbukumbu ya kijiji imo humo.

Umbali

Kutoka kijijini Forsand kwenda mjini Sandnes, safari ya kawaida ni hii: unavuka daraja la Lysefjord, lililofunguliwa mwaka 1997, unatokea Oanes, unapanda feri hadi Lauvvik, kisha unaendelea kwa gari. Oanes sasa ni Strand. Maana yake ili nifike makao makuu ya manispaa yangu, kwanza natoka nje ya manispaa yangu. Siku mbili tu kabla ya muungano, tarehe 30 Desemba 2019, lilifunguliwa handaki la Ryfylke, lenye zaidi ya kilomita 14 chini ya bahari, kutoka Strand hadi Stavanger. Kwa watu wengi wa huku mji rahisi kufikika ukawa ni ule ambao si wa kwao.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, na diwani wa mbali hasikii tatizo la maji yenu. Kwa hiyo kabla ya muungano dai kwamba huduma fulani zibaki kijijini kwa siku zinazojulikana: muuguzi wa watoto, mtu wa vibali vya ujenzi hata kama ni mara moja kwa wiki, maktaba. Baada ya muungano, jifunze yapi yanaweza kufanyika mtandaoni na usisafiri bure. Wasiojua kutumia BankID, kitambulisho cha mtandaoni, wasaidieni. Huku wengi wao ni wazee wa Kinorwe.

Novemba ndio mwezi wako

Kama utafanya jambo moja tu kati ya yote niliyoandika hapa, basi lifanye hili. Kila manispaa lazima ipitishe bajeti ya mwaka ujao na mpango wa fedha wa miaka minne kabla mwaka haujaisha, na pendekezo lazima liwekwe hadharani angalau siku 14 kabla ya baraza kuliamua. Pendekezo la mkurugenzi, kommunedirektør, kwa kawaida hutoka Oktoba au Novemba. Lipakue. Lina mamia ya kurasa, usiogope. Tafuta ndani yake jina la kijiji chako, kisha jina la shule, la nyumba ya wazee, la kivuko, la ukumbi. Soma aya inayotangulia na inayofuata kila mahali jina linapotokea.

Kijiji hakifutwi kwa tangazo. Kinapunguzwa kwa sentensi fupi katikati ya jedwali: kwamba ukarabati umesogezwa mbele mwaka mmoja, kwamba muundo wa shule utachunguzwa. Ukiona neno la kuchunguza muundo, skolestruktur, mpigie mwenyekiti wa kamati ya wazazi siku hiyohiyo. Barua ya maoni ikiwafikia madiwani wiki mbili kabla ya kikao, wanaisoma. Ikifika asubuhi ya kikao, wanaipokea kwa adabu.

Vivyo hivyo kwa mpango wa matumizi ya ardhi. Mipango ya zamani ya manispaa iliyofutwa huendelea kutumika mpaka mpya upitishwe, na huo mpya lazima uwe wazi kwa maoni kwa wiki zisizopungua sita. Hapo ndipo inapoamuliwa kama mtoto wako ataruhusiwa kujenga karibu nawe, au kama kando ya fjordi patatengwa kwa nyumba za mapumziko.

Ukitaka barua au ripoti yoyote, tazama orodha ya barua za manispaa, postliste, uombe nakala. Huhitaji kueleza sababu wala kuwa raia. Siku tano za kazi zikipita bila jibu, sheria inahesabu kimya hicho kuwa kukataliwa, na unaweza kulalamika kwa Statsforvalteren, mwakilishi wa serikali kuu mkoani.

Kura, na jinsi wachache wanavyoingia barazani

Ndugu zetu wengi hawajui kwamba wanaruhusiwa kupiga kura. Uchaguzi wa manispaa si wa raia peke yao. Ukiwa umeandikishwa kuishi Norwei miaka mitatu mfululizo hadi siku ya uchaguzi, na umetimiza umri, unapiga. Ujao ni Septemba 2027, na kura ya mapema huanza Agosti.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika uchaguzi huu karatasi ya chama ina visanduku pembeni ya majina. Ukitia alama kwenye jina, umempa mtu huyo kura binafsi, personstemme. Unaweza kutia alama kwa wengi upendavyo. Unaweza pia kuandika majina ya wagombea wa vyama vingine kwenye nafasi iliyotengwa; sehemu ya kura yako itahamia chama hicho, hilo ulijue. Wale ambao majina yao yamechapwa kwa wino mzito wameongezewa asilimia 25 na chama chao tangu mwanzo, kwa hiyo hawana shida sana na alama yako. Mpe yule wa kijijini kwenu aliyewekwa nafasi ya 19.

Wapiga kura wengi wa mjini huweka karatasi kama ilivyo, bila alama hata moja. Ndiyo maana kijiji kidogo kinachotia alama kwa pamoja kinaweza kumpandisha mtu wake juu ya watu waliopangwa mbele yake. Ukubwa wetu ndani ya Sandnes haufiki asilimia moja na nusu. Kwa karatasi tupu hatuonekani. Kwa alama, kiti kimoja au viwili vinapatikana, na mtu mmoja anayepanda feri kwenda kikaoni anatosha kuwauliza wenzake kama wamewahi kuikosa ya mwisho.

Saini 300

Chombo kingine ambacho kwa kweli kiliongezeka thamani baada ya kuungana ni innbyggerforslag, pendekezo la wakazi. Baraza lazima lilijadili na kuliamua ndani ya miezi sita kama limesainiwa na asilimia 2 ya wakazi, au na watu 300. Soma tena: au. Katika manispaa ya watu 80,000 asilimia 2 ni watu 1,600, lakini 300 zinatosha, na kijiji chenye watu elfu moja kinaweza kuzipata kwa wikiendi moja mbele ya duka. Asiye raia anasaini, na kijana ambaye bado hajafikia umri wa kura anasaini. Unaweza kulianzisha mtandaoni kwenye minsak.no, ingawa kwa wazee karatasi na kalamu huenda haraka zaidi. Andikeni jambo moja tu, linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana, kwa sababu jambo lilelile haliruhusiwi kurudishwa kwa njia hii katika kipindi hichohicho cha baraza.

Ili saini zipatikane lazima pawepo na chama cha kijiji, grendelag. Kama hakipo, kianzisheni kabla ya muungano: katiba ya ukurasa mmoja, viongozi watatu, usajili Brønnøysund, kwenye rejista ya taifa ya mashirika, ili mpate namba ya shirika, akaunti ya benki. Bila namba hiyo hamuwezi kuomba fedha za utamaduni, na tarehe za mwisho za maombi katika manispaa kubwa hazingoji mtu. Ingieni kwenye kamati, ndugu zangu. Huku mgeni anayekubali kuwa katibu hupewa nafasi hiyo mara moja, maana hakuna mwingine anayeitaka.

Na kama mambo yakienda vibaya kabisa, njia ya kurudi ipo, japo ni nyembamba. Haram iliunganishwa na Ålesund mwaka 2020, na tarehe 1 Januari 2024 ikarudi kuwa manispaa yake yenyewe. Ndiyo sababu leo nchi ina manispaa 357. Lakini waliorudi walianza kudai kutoka mapema, wakiwa bado wana orodha za watu wao na nakala za makaratasi yao.